Kilo Tano za Salu

Bariadi, 9 Juni 2024

Mayu,

Shikamoo. Salamu hiyo nakupa kwa sababu wewe ni mama wa mume wangu na umri wako unaidai. Usiichukue kwamba moyo wangu umetulia. Haujatulia.

Nimekupigia simu tangu Jumatano. Nikisema maneno matatu kikohozi kinanikamata, nawe unasema, "Umejisikia mwenyewe," unakata. Ndiyo maana naandika. Barua haikohoi, na huwezi kuikata. Nampa Joakim, dereva wa basi la Mwandoya, akukabidhi mkononi.

Nilikwenda kliniki kuchukua dawa zangu. Nilikuacha na Salu amelala. Niliporudi nikakuta kitanda kitupu, kofia yake ya njano imebaki chini ya mto, na Shigela kakaa kizingitini anaangalia viatu vyake. "Mama ameondoka naye," akaniambia, "amesema ni kwa usalama." Mwanaume mzima, fundi anayefungua injini ya lori akaifunga, ameshindwa kufunga mlango wa nyumba yake.

Sasa sikiliza nilichoambiwa na muuguzi Harieth. Ni kweli nina kifua kikuu. Sikukuficha. Lakini ugonjwa huu unapita kwenye hewa, mtu anapokohoa. Haupiti kwenye maziwa. Nimeelekezwa ninyonyeshe: nivae barakoa, nikae naye nje barazani, madirisha yawe wazi, nisiruke dawa, naye Salu apewe vidonge vya kinga. Naona mfuko wa vidonge hivyo haupo. Kama umeubeba, mpe. Kama umeutupa, niambie nijue.

Najua unaniita "mke wa mizani". Nilitoka kwetu Kiloleli bila hata mbuzi, nikaanza kuuza dengu kwa kopo, leo nina ghala hapa Bariadi. Sikupewa na mtu. Na huyu mtoto sikupewa na mtu pia.

Aliondoka hapa na kilo tano kamili, alizopimwa akiwa uchi kwenye mizani ya kliniki. Nitakuja kuziulizia.

Scola Bujiku,
mama yake Salu


Mwandoya, 13 Juni 2024

Scola, mke wa Shigela,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na miwani.

Mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe. Ng'ombe akianza kukohoa, ndama anaondolewa siku hiyo hiyo. Huombi ruhusa kwa ng'ombe. Unampeleka ndama kwa ng'ombe mwingine, na maziwa ya yule mgonjwa hayaingii nyumbani. Hayo sikuyasoma kwenye karatasi za muuguzi wako. Nimeyasoma zizini, na ndama zangu wako hai.

Tena niliona kwa macho yangu ndoo yako chooni. Mkojo rangi ya chungwa! Mtu ambaye maji yake yako hivyo, maziwa yake yatakuwaje meupe?

Vidonge nimebeba. Kila asubuhi nasaga, nakoroga na maji kwenye kijiko, nampa. Mimi si mshenzi.

Mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe mweupe, nayachemsha. Anajaa mikono. Kwa hiyo acha kelele, kunywa dawa yako, upone. Maziwa yako yaache yakauke. Ng'ombe asiye na ndama hukauka, haumwi. Ukipona utazaa mwingine, huyo utamnyonyesha.

Hapa kazi ni nyingi. Pamba imejaa nyumba nzima, tunalala juu yake, vumbi linatunyonga.

Nyanjige,
bibi yake


Bariadi, 17 Juni 2024

Mayu,

Shikamoo. Neno lako la "utazaa mwingine" nimelisoma mara moja tu. Sitalisoma tena.

Rangi ya mkojo ni ya dawa. Kila anayeimeza inamtoka hivyo, hata waziri angetokwa hivyo. Maziwa nimekamua kwenye glasi nikaiweka dirishani. Ni meupe, Mayu. Yana utando wa mafuta juu.

Nilimuuliza Harieth kuhusu ng'ombe wako. Alicheka kidogo, kisha akasema bibi huyo si mjinga: ng'ombe mwenye ugonjwa huo maziwa yake kweli yanaweza kuubeba, ndiyo sababu yanachemshwa. Kwa hiyo zizini uko sahihi. Lakini mimi si ng'ombe. Kwa mama binadamu, mlango wa ugonjwa huu ni pumzi, na pumzi nimeifunga kwa barakoa.

Umesema yakauke. Hayatakauka. Baba yangu hakuwa na zizi, lakini nimekulia Usukumani na macho ninayo. Ndama akifa, mnakausha ngozi yake mnaisimamisha mbele ya mama yake, anailamba, anaachia maziwa. Si mnafanya hivyo? Basi mimi ninayo kofia ya njano. Sijaifua. Naiweka puani, nafumba macho, nakamua. Mara ya kwanza yalitoka matone ya kulowesha kidole. Leo nimejaza chupa mbili. Mtu ambaye mwanawe hajafa anajifariji kwa ngozi, Mayu. Fikiria hilo unapofunga zizi jioni.

Joakim anakuletea deli dogo lenye barafu na chupa hizo mbili. Mpe kwa kijiko. Nitatuma kila basi linapokuja.

Nakutumia pia mizani yangu ndogo ya kuning'iniza. Unaijua, ni kama ile ya pamba. Mfunge Salu kwenye kitenge, mtundike, uniandikie mshale umesimama wapi. "Anajaa mikono" si kipimo.

Scola,
mama yake Salu


Mwandoya, 22 Juni 2024

Scola,

Mwangaluka. Deli limefika. Maziwa yametumika.

Nimempima leo mbele ya mashahidi. Kilo tano na nusu. Haya, umesikia? Mke wa mizani amejibiwa na mizani yake.

Usinitumie barua ndefu. Macho yananiuma, na kwenye chumba cha pamba hakuna mwanga.

Nyanjige,
bibi yake


Bariadi, 26 Juni 2024

Mayu,

Shikamoo. Kilo tano na nusu! Niliposoma nilipiga kigelegele, kikohozi kikanikalisha chini, nikamalizia nikiwa nimekaa. Shigela alidhani nimeshinda bahati nasibu. Nilikuombea baraka zote, na lile neno lako baya nikalifuta.

Halafu nikamimina chai, nikaanza kufikiri kama mnunuzi.

Mayu, watu wameniletea dengu zilizonyunyiziwa maji usiku. Wameniletea magunia yenye kokoto katikati. Mmoja alisimama kwenye mizani mguu mmoja huku ananiuliza habari za nyumbani. Najua kilo ya kweli, na najua kilo ya maji. Mtoto aliyetoka kwenye titi ghafla, akawekwa kwenye maziwa ya ng'ombe, haongezi nusu kilo haraka namna hiyo.

Alikuwa amevaa nini? Ulitoa uzito wa kitenge? Blanketi je? Nakuuliza bila matusi, kama ninavyomuuliza kila mtu anayefika ghalani.

Na lingine. Umeandika maziwa "yametumika". Hukuandika "ameyanywa". Mimi maneno ya namna hiyo nayasikia kila msimu.

Kama Salu anapungua, niambie anapungua. Uongo wako hautamnenepesha. Mtundike uchi, Mayu.

Scola


Mwandoya, 1 Julai 2024

Mama Salu,

Leo sikusalimii kwa ukali. Sina nguvu hizo.

Alikuwa na blanketi zito, lile la harusi ya marehemu baba yenu. Mashahidi walikuwa mimi na mlango. Nilitaka ulale.

Leo nimemtundika uchi. Kilo nne na nusu.

Nimeandika hiyo namba nikaifunika kwa mkono. Tumbo lake halitulii. Maziwa ya ng'ombe anakunywa kidogo, anatapika, anaharisha, mkunduni pamekuwa pekundu. Usiku ananitafuta kifuani, anafungua mdomo, anagonga kwa pua, na mimi hapo sina kitu ila shanga. Kulea nimelea watoto sita. Kilio kama hiki hawakunililia.

Maziwa yako sikumpa. Niliogopa. Nilimpa paka kwanza, nione. Kila deli lililokuja nilimpa paka. Nikasema akianza kukohoa nitajua. Hajakohoa. Amenenepa hata hawindi panya tena, anakaa mlangoni anasubiri basi la Joakim. Ukitaka kunitukana, tukana.

Usimwambie Shigela. Nipe muda kidogo atulie, nitamrudisha mwenyewe pamba ikishanunuliwa. Na mimi vumbi hili limeniingia kifuani vibaya. Nikimbeba mgongoni nikikohoa, anashtuka, analia upya. Usiku nalowa jasho kama nimenyeshewa. Pamba ya mwaka huu ina vumbi la ajabu.

Nyanjige


Bariadi, 4 Julai 2024

Mayu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, mtoto akiwa chini kwenye mkeka, si mgongoni.

Suala la paka tuliache. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na sijui kilichotangulia. Mwanangu anakonda na paka ananona kwa maziwa yale yale! Lakini angalau sasa shahidi unaye, wa kwako mwenyewe.

Kilichonikosesha usingizi ni vumbi lako.

Ulikuja kwangu mwezi wa tatu, kunisubiri nijifungue. Tulilala chumba kimoja, dirisha tumelifunga ili kichanga asipate baridi. Ulikuwa unakohoa. Nikakuuliza, ukanijibu, "Ni vumbi la pamba, mwanawane, lala." Nikalala. Jana usiku jibu hilo limerudi, nikakaa kitandani wima. Mwezi wa tatu, Mayu! Pamba ilikuwa bado kijani shambani. Vitumba vilikuwa havijapasuka, na ya mwaka jana mlishaiuza yote. Hilo vumbi lilitoka wapi?

Kikohozi cha tangu masika, jasho la usiku, na mwili wako: nilipokuona Juni nilisema moyoni, mama amepungua, ni kazi. Mimi ninayejisifu kwa kupima nilikuwa na mzigo mbele yangu sikuupima.

Sikuandikii kukushika ugoni. Nimekaa na hasira nawe mwezi mzima, na jana nilidhani nimepata nafasi ya kuifurahia. Nikaitafuta furaha hiyo. Haikuja. Nimeona tu mama mtu mzima anakohoa peke yake juu ya magunia, na mwanangu yuko mgongoni mwake.

Lakini nitasema hili waziwazi kwa sababu lazima lisemwe: umemtoa mtoto kwenye maziwa, ukamweka kwenye pumzi.

Shigela anakuja Jumamosi na gari la ghala. Nimemwambia yote, samahani. Ndani ya bahasha kuna barakoa. Vaa sasa, kabla hujamaliza kusoma. Mkabidhi Shigela mtoto. Kisha nenda kituo cha afya ukatoe makohozi yapimwe. Ugonjwa huu una dawa, Mayu. Mimi ninaimeza, na jana nimepanda ngazi za ghala bila kupumzika katikati.

Nakuomba. Si kwa ukali. Nakuomba.

Scola


Mwandoya, 6 Julai 2024

Mama Salu,

Anayekuletea barua hii ni Salu mwenyewe. Imo kwenye mfuko wake, chini ya nepi.

Barua yako niliitupa kwenye majivu. Nikatoka nje, nikatukana, mbuzi wakanisikia. Nikarudi nikaitoa majivuni, nikaipangusa, nikasoma pale pa mwezi wa tatu. Nimelima pamba tangu sijavunja ungo, na uongo wangu wa pamba nimekamatwa na muuza dengu.

Barakoa nimevaa. Shigela alifika akanikuta nayo, akadhani ni mwizi. Alitaka nipande gari nije wote. Nimekataa. Siwezi kukaa chumba kimoja cha gari na mtoto tena, hata kama dirisha liko wazi. Nimempa mtoto akiwa uani, juani, nikarudi nyuma. Salu akalia kuniona naenda mbali. Nami sikwenda kumnyamazisha. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka huu, na mwaka huu nimevuna heka nne.

Sasa nikufundishe, maana hapa mizani haikusaidii. Ndama aliyesahau titi halazimishwi. Ukimsukuma kichwa anachukia. Mweke karibu asubuhi, akiwa na njaa ndogo, si njaa ya kulia. Mdondoshee maziwa mdomoni yakitoka kwenye chuchu yenyewe. Wewe kaa kama hujali. Ndama huwa anaona mama akihangaika, anakimbia. Na hicho kitenge nilichomfungia usikifue kwanza. Amezoea harufu yangu. Kitandike mapajani mwako, ajue hajaibiwa mara ya pili.

Vidonge vyake vimo mfukoni. Hakuna siku niliyoruka. Hesabu mwenyewe, najua utahesabu.

Jumatatu naenda kupima.

Nyanjige,
anayekohoa


Bariadi, 10 Julai 2024

Mayu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Nilihesabu vidonge. Vimetimia. Ulipoandika kwamba unampa sikuamini, na nilikuwa nimekosea. Harieth amempima kila namna, amesikiliza kifua, amesema kiko safi, na kinga aliyopata huko kwako imemlinda kuliko tunavyojua. Akaongeza, "Mwambie bibi asante." Basi asante. Wabeja, Mayu.

Sasa sikia. Jumamosi usiku alikataa. Nilimweka, akageuza uso kama mnunuzi aliyeona dengu zina wadudu. Jumapili akashika, akavuta mara mbili, akaachia, akanipigia kelele mpaka jirani akabisha hodi. Nikamnywesha niliyokamua, kwa kikombe, yote akayamaliza, na hakutapika. Lakini titi, hapana. Nilikaa jikoni nikajiuliza nimekamua kwa ajili ya nani siku zote hizo.

Jana asubuhi nikafanya ulivyosema. Nikatoka barazani, barakoa usoni, kitenge chako mapajani, kinanuka moshi na maziwa ya ng'ombe mweupe. Nikamlaza hapo. Nikaanza kuchambua dengu kwenye ungo kama mtu asiye na shida. Akanusa kitenge. Akanyamaza. Nikamdondoshea tone, akaramba. Tone la pili. Mimi naangalia dengu tu, sizioni hata moja. Halafu nikasikia mvuto.

Akashika, Mayu. Akashika! Alinyonya hadi masikio yakacheza. Jasho likamtoka puani. Upande wa pili ukaanza kumwagika wenyewe ukalowesha kitenge chako. Shigela alikuwa anatoka kuoga na povu kichwani, akasimama hapo hapo, akaanza kupiga makofi kama yuko uwanjani. Nikamwambia nyamaza, utamshtua. Akapiga makofi bila sauti.

Nimekuandikia kabla sijaoga. Wewe ndiye uliyepaswa kujua wa kwanza.

Majibu yako je?

Mwanao Scola


Mwandoya, 19 Julai 2024

Mwanawane,

Barua ya Salu kushika nimewasomea ng'ombe. Usicheke. Hapakuwa na mtu mwingine wa karibu, na nilitaka kuisema kwa sauti.

Majibu: ninao.

Nimeanza dawa. Jana nilikwenda chooni, nikatazama chini, nikaona rangi ya chungwa. Nikakumbuka ndoo yako. Nikacheka mle ndani peke yangu mpaka mjukuu wa jirani akauliza bibi ana nini.

Nje sicheki. Shida, jirani yangu, hakopi tena chumvi kwangu. Kisimani wananipisha kana kwamba nimebeba nyuki. Wanasema, "Nyanjige alimnyang'anya mkwe wake mtoto kwa ugonjwa alionao mwenyewe." Na si uongo. Ndiyo maana unauma.

Nina swali moja. Nijibu kama unavyowajibu watu ghalani, bila kuongeza wala kupunguza. Ni mimi niliyekupa?

Nyanjige


Bariadi, 24 Julai 2024

Mayu wangu,

Umeniuliza kama mteja, nakujibu kama mteja. Inawezekana. Ulikohoa kabla yangu, na dirisha tulilifunga wote wawili. Ila mimi kutwa niko sokoni, ghalani, kwenye foleni za magari, nimekoholewa na Bariadi nzima. Mizani yangu haifiki huko. Mahali ambapo mizani haifiki, siandiki namba.

Ninachoweza kupima ni hiki: ulikuja kunishika mkono nizae, na kikohozi ulikuwa hukijui jina. Basi. Tulichomkosea Salu tulikosea kwa woga, wewe wa kwako na mimi wa kwangu. Sasa tunameza dawa moja.

Kuhusu Shida na wenzake: usiwapishe kisimani. Wewe una dawa tumboni na barakoa usoni. Anayekohoa mle kisimani bila kupima ndiye wa kuogopwa. Waambie hivyo. Wewe ni Nyanjige. Tangu lini unakosa jibu?

Salu anakoroma hapa, mdomo umejaa.

Mwanao Scola


Mwandoya, 22 Septemba 2024

Mwanawane Scola,

Mwangaluka, mama! Keti nikuhadithie.

Jibu nimelipata, na nimelitoa kwenye ghala la ushirika, siku ya kufunga msimu, watu wamejaa kila kona. Nilikuwa kwenye foleni ya mizani. Nyuma yangu alikuwa mke mdogo wa Luhende, ana kichanga mgongoni, anakohoa kwenye kiganja. Mama mkwe wake akamgeukia, akaanza kumtoa mtoto mgongoni: "Huyo mtoto namchukua leo. Nitampa maziwa ya ng'ombe. Wewe yakaushe." Maneno yangu, mwanawane! Maneno yangu yale yale, yametoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, nikayasikia yalivyo.

Nikatoka kwenye foleni. Nikamwambia, "Weka mtoto." Akasema, "Wewe mgonjwa wa kifua ndiye wa kunifundisha?" Nikasema, "Ndiyo, mimi. Nani mwingine hapa amefanya ujinga huo akauona mwisho wake?" Karani wa mizani akaacha kuandika.

Nikawaambia yote. Ng'ombe na ndama, nikasema ya zizini yabaki zizini. Nikawaambia mlango ni pumzi, si titi. Nikawaambia habari ya kilo nne na nusu, na blanketi. Nilipofika kwa paka wakaanza kucheka, nikawaacha wacheke, maana mtu anayecheka anasikia. Yule binti nikampa barakoa yangu ya akiba. Nikampeleka kupima mwenyewe. Mtoto alibaki mgongoni kwake njia nzima, ila tulipopumzika alimtoa akamnyonyesha kivulini, barakoa usoni. Majibu yametoka: anao, ameanza dawa, kichanga amepewa vidonge, na ananyonya. Mama mkwe wake ndiye anayesaga vidonge. Nimemfundisha kijiko.

Shida alikuja jana kukopa chumvi. Nikampa, nikamwambia arudishe na faida.

Makohozi yangu yamepimwa tena, hayana kitu. Nimeongezeka. Sikwambii kiasi gani, mizani unayo wewe... hapana, ninayo mimi. Haya, kilo mbili na nusu. Bila blanketi.

Mayu wako, Nyanjige


Bariadi, 5 Oktoba 2024

Mayu,

Shikamoo. Barua yako Shigela ameisoma kwa sauti mbele ya vibarua wote wa ghala. Pale ulipomwambia yule mama "Weka mtoto," mpakiaji mmoja aliangusha gunia.

Jana ilikuwa kliniki. Nami makohozi yangu ni safi, barakoa nimeshavua, dawa namalizia mwaka ukiisha. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wamejaa. Harieth akamtundika Salu kwenye mizani, uchi kama alivyozaliwa. Alipiga mateke mshale ukawa unacheza, tukangoja utulie. Mayu, ulisimama kwenye saba na robo.

Nikamwomba Harieth asome tena. Akasoma. Nikamwomba aseme kwa sauti. Akacheka, akasema kwa sauti. Na mimi nikapiga kigelegele chote, mwanzo hadi mwisho, bila kikohozi hata kimoja katikati. Benchi zima likapokea. Dada mmoja akaniuliza, "Umempa nini?" Nikamwambia, "Ya kwangu." Akauliza, "Na ulikuwa unaumwa?" Nikamjibu, "Nilikuwa naumwa kifua. Titi halikuumwa."

Tulitengana na kilo tano. Niliapa nitakuja kuziulizia kwako. Nimeshazipata, na mbili na robo juu. Hatudaiani.

Sasa maagizo. Joakim amekuwekea kiti cha Alhamisi, cha dirishani. Kitanda chako nimekitandika chumba kile kile, na dirisha nimelitoa misumari, linafunguka lote. Salu ameanza kukamata vitu. Atakuvuta shanga, vaa zile usizozipenda. Ile mizani usiirudishe, ni yako. Mwandoya nako panahitaji mke wa mizani.

Ila kabla hujaondoka, kaa na yule paka mlangoni, uzungumze naye kiutu uzima. Mwambie aanze kuwinda panya. Mwenye maziwa amerudi.

Mwanao,
Scola, mama yake Salu